Seva inafunguka nyumbani lakini mtu wa Rongai haioni, shida iko wapi?

Swali lenyewe liko hivi: "Mkuu habari. Nilichukua laptopu ya zamani nikafuta Windows nikaweka Ubuntu, nikainstoli nginx, nataka iwe seva ya ukurasa wa keki za mathe, anauzia hapa Pipeline. Nikifungua localhost iko poa, hata simu yangu ikiwa kwa waifai ya nyumbani inafungua. Lakini beshte yangu ako Rongai, akijaribu inazunguka tu mpaka inachoka. Nimekesha kwa rauta nikifungua poti 80, hakuna kitu. Nimekosea wapi, ama ni lazima ninunue seva? Baadaye nataka watu walipe na M-Pesa hapo hapo."

Ndugu yangu, pole na huo usiku. Na hujakosea popote, hiyo ndio inaudhi zaidi.

Hebu angalia umeshajua nini tayari. Ombi likitoka kwa simu ya mtu linapita milango kadhaa kabla lifike kwa hiyo laptopu, na kazi yetu hapa ni kujua limekufia mlango upi. Localhost, yaani laptopu ikijifungulia yenyewe, imefunguka, basi nginx, ile programu inayotoa ukurasa, iko hai. Simu imefungua kwa waifai, basi nginx inasikiliza mpaka nje ya laptopu na fayawoli ya Ubuntu haijaziba. Ukitaka kuona kwa macho piga `sudo ss -tlnp` utafute laini ya poti 80, ule mlango wa kurasa za web, ikiwa imeandika 0.0.0.0:80 inapokea yeyote anayekuja, ikiwa 127.0.0.1:80 inaongea na yenyewe tu. Yako lazima ni ya kwanza, sivyo simu ingekataa. Kwa hivyo ombi la huyo wa Rongai linafia huko nje kabla halijafika kwenu, na hata ukikaa na nginx wiki nzima hautapata kitu cha kurekebisha.

Sasa ingia kwa rauta, tafuta pale pameandikwa WAN, yaani upande wa nje, kuna anwani ya IP hapo, iandike kwa karatasi. Halafu kwa laptopu piga `curl -4 ifconfig.me`, hiyo inakuambia dunia ya nje inakuona na anwani gani. Zikifanana una bahati. Mimi naona hazitafanana, na naona ile ya rauta inaanza na 100 halafu namba ya pili iko kati ya 64 na 127, ama inaanza na 10 tu. Ukipata hivyo basi umejua: mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja.

Ichukue kama ploti ya vyumba arobaini na geti moja. Ukitoka kwenda dukani soja anakuona, ukirudi na mkate anakumbuka ni wewe umetoka saa hii, anafungua. Lakini mgeni akitoka Rongai aje aseme natafuta mtu wa mlango 80, soja anamwangalia tu, kwa sababu wapangaji wote arobaini wanaweza kuwa na mlango 80 na hakuna mtu alimwachia maagizo. Wewe usiku kucha umekuwa ukifungua mlango wa keja yako, na umefunguka kweli, ni vile tu geti la nje sio lako na huna funguo. Na sio ujanja wa mtoa huduma wako peke yake, anwani za IPv4, hizi za kawaida, zote duniani ni kama bilioni 4.3 na akiba kuu ya dunia iliisha 2011, ile safu inayoanzia 100.64 ilitengwa rasmi mwaka 2012 kwa kazi hii hii ya kufungia wateja nyuma ya geti moja.

Kuna kitu kingine kinachanganya watu hapa hata wenye anwani yao safi. Usijaribu anwani yako ya nje ukiwa kwa waifai yako mwenyewe, rauta nyingi hazijui kumgeuza mtu wa ndani arudi ndani, utaona imekataa na iko sawa. Zima waifai, tumia bando.

Njia ziko nne nitazipitia haraka. Ya kwanza, upigie mtoa huduma umuulize anwani yako binafsi isiyobadilika, wengine wanayo lakini mara nyingi ni ya vifurushi vya biashara na inalipiwa kila mwezi. Ya pili ni IPv6, ile aina mpya ya anwani, ikiwa laini yako inayo, lakini wateja wa mathe wenye simu bila IPv6 hawatafika, kwa hivyo sahau kwa sasa. Ya tatu ni taneli, kwa mfano ile ya Cloudflare: programu ndogo kwa laptopu yako ndio inatoka yenyewe kwenda nje na kuacha njia wazi, wageni wanarudi kwa hiyo njia, na soja hana neno maana wewe ndio ulitoka kwanza. Inafanya kazi vizuri kabisa hata nyuma ya geti. Ya nne ni kukodi seva ndogo ambayo ina anwani yake.

Ushauri wangu: laptopu ibaki ya kujifunza, biashara ya mathe iende kwa seva ya kukodi. Sababu yake nitakusimulia. Seva yangu ya kwanza ilikaa chini ya meza ya TV, kompyuta ya mezani niliyounganisha na vipuri vya mtumba, ilikuwa na ukurasa wa kikundi chetu cha mpira na watu walikuwa wanaangalia ratiba humo. Jumamosi asubuhi napigiwa simu eti hamna ratiba. Nafika nyumbani napata binamu yangu amechomoa waya apige pasi. Nikaandika USICHOMOE kwa kipande cha selotepu nikabandika, na nilikuja kujua baadaye sikuwa wa kwanza, Tim Berners-Lee akianzisha hii web yote kule CERN Uswisi, seva ya kwanza kabisa ilikuwa kompyuta yake ya NeXT, na yeye pia alibandika karatasi ya kuonya watu wasiizime. Kwa hivyo ukibandika yako usione aibu.

Laptopu yako inaishinda ile seva yangu kwa kitu kimoja, iko na betri, stima ikipotea haizimi. Lakini rauta inazima, kwa hivyo ni kama umebaki macho kwa chumba hakina mlango. Na usisahau ukifunga kifuniko Ubuntu inalala na seva inalala nayo. Fungua `/etc/systemd/logind.conf`, tafuta laini ya `#HandleLidSwitch=suspend`, toa hiyo alama ya mbele na uandike `HandleLidSwitch=ignore`, kisha uiristati laptopu. Wengi wanatafuta hiyo shida kwa nginx siku tatu.

Haya, seva ya kukodi. Kwa ukurasa wa keki wenye picha na bei, memori ya GB 1 inatosha na kubaki, usikubali mtu akuuzie GB 8. Chagua Ubuntu LTS, zile za Aprili ya kila miaka miwili, zinapata masasisho ya usalama miaka 5, sio zile za katikati ambazo zinakwisha baada ya miezi 9. Nginx ama Apache? Umeshaanza na nginx, baki hapo, vita vya hizo mbili ni vya watu wenye muda.

Seva ikae wapi, Ulaya ama hapa? Wateja wako ni wa Pipeline na Donholm, na kutoka hapa mpaka Ulaya ombi linashuka Mombasa, linaingia kwa kebo za chini ya bahari zile zilianza kufika 2009, SEACOM na TEAMS, halafu linarudi njia ndefu, ni zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi. Kampuni zenye mitambo hapa Nairobi na zinabadilishana data pale KIXP, kituo cha hapa Kenya, haziendi huko kote. Lakini nikuambie ukweli, kwa ukurasa wako hiyo tofauti mteja hataisikia. Atakachosikia ni picha. Umepiga keki na simu, kila picha MB 4, umeweka kumi na mbili, hiyo ni MB 48 ya bando ya mtu ambaye alitaka tu kujua keki ya kilo moja ni pesa ngapi. Zipunguze ziwe chini ya KB 200 kila moja kabla hata hujafikiria seva iko nchi gani. Mimi ningeangalia zaidi kama unaweza kulipa na M-Pesa ama wanataka kadi na dola, maana siku kadi imekataa na seva imezimwa ni wewe utamweleza mathe.

Sasa saa ya kwanza ukiwa ndani ya hiyo seva, hapa nitaenda polepole kwa sababu hapa ndio watu wanajifungia nje.

Tengeneza ufunguo wa SSH, ile njia ya kuingia kwa seva kutoka mbali, kwa laptopu yako, `ssh-keygen -t ed25519`, halafu `ssh-copy-id` uupeleke kule. Tengeneza mtumiaji wako kule, mpe sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, mpelekee naye huo ufunguo, ukiingia kama yeye ndio uache kuingia kama root, yule mwenye nguvu zote. Instoli nginx kule pia. Kisha fayawoli, hapa ni ufw ya Ubuntu, na utaratibu ni huu usiupindue: `sudo ufw allow OpenSSH`, halafu `sudo ufw allow 'Nginx Full'`, halafu MWISHO kabisa `sudo ufw enable`. Ukianza na enable, fayawoli inawaka haijui chochote kuhusu SSH, inaziba poti 22, na muunganisho wa sasa unaweza kuendelea kuishi ukadhani mambo ni sawa, unatoka kwenda kula chapati, unarudi mlango haufunguki. Mimi nilifanya hivyo kwa seva ya mteja, nikaingilia kwa ile konsoli ya dashibodi ya kampuni nikijikuna kichwa na mteja amekaa kando ananiangalia. Tangu siku hiyo nikigusa kitu chochote cha SSH ama fayawoli naacha teminali moja imefunguliwa na najaribu kuingia na ya pili, ya pili ikikubali ndio nafunga ya kwanza. Na uangalie dashibodi ya kampuni yenyewe, wengine wana fayawoli yao juu ya ile yako, unafungua poti kwa Ubuntu na bado imefungwa kule juu, unarudi kwa hadithi ya soja.

Zima kuingia na paswadi. Utaambiwa uandike `PasswordAuthentication no` ndani ya `/etc/ssh/sshd_config`, utaandika, uiload upya, na paswadi itaendelea kukubali, utadhani umerogwa. Ni kwamba seva nyingi za kukodi zenye Ubuntu zina faili nyingine ndogo ndani ya `/etc/ssh/sshd_config.d/`, mara nyingi inaitwa `50-cloud-init.conf`, imeandika yes, na SSH inachukua neno la kwanza inalokutana nalo, na hiyo foda inasomwa kwanza. Rekebisha humo. Kisha usiamini faili, uliza SSH yenyewe: `sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication`. Ikikujibu no, piga `sudo systemctl reload ssh` ndio ianze kufanya kazi, lala.

Ukidhani nazidisha, acha seva ikae wazi masaa machache halafu usome `/var/log/auth.log`. Utaona watu wanajaribu root, admin, test, oracle, ubuntu, mmoja baada ya mwingine bila kupumua. Sio mtu anakujua, ni boti zinabisha kila anwani duniani, yako ilikuwa tu kwa foleni.

Nginx sasa. Weka faili zako kwa `/var/www/keki`, halafu faili ya setingi kwa `/etc/nginx/sites-available/keki`, ndani yake hivi tu:

server {
    listen 80;
    server_name jina-lako-hapa;
    root /var/www/keki;
    index index.html;
}

Kila laini ya ndani ya hayo mabano inaisha na nukta-mkato, ukisahau moja nginx itakulaumu laini inayofuata ambayo haina hatia. Iunganishe kwa `sudo ln -s /etc/nginx/sites-available/keki /etc/nginx/sites-enabled/`, piga `sudo nginx -t`, na ikisema sawa ndio unapiga `sudo systemctl reload nginx`. Hiyo -t iwe mazoea kama kuangalia gesi kabla ya kutoka nyumbani. Na ukifungua ukaona bado "Welcome to nginx!", ni ile setingi ya default iko `sites-enabled` inajibu kabla yako, itoe hiyo linki, faili halisi itabaki `sites-available`.

Sasa najua utajaribu kuweka ukurasa kwa foda yako ya nyumbani, `/home/wewe/keki`, kila mtu hujaribu, na utapata 403, yaani umekatazwa. Faili iko, jina liko sawa, lakini 403. Nginx inafanya kazi kama mtumiaji anaitwa www-data, na tangu Ubuntu 21.04 foda za nyumbani zinatengenezwa na ruhusa 750, maana yake mgeni hapiti hata sebuleni, kwa hivyo www-data anafika mlangoni kwa `/home/wewe` anarudishwa kabla hajaona keki. Mtu atakuambia upige chmod 777. Usipige, hiyo ni kuwapa wote walio kwa hiyo seva haki ya kuandika juu ya kazi yako. Hamisha tu faili ziende `/var/www`, foda ziwe 755 na faili 644, basi.

Na ikikataa kwa namna nyingine yoyote, kabla hujagusa kitu, kabla hujakopi komandi ya mtu, piga `sudo tail -n 20 /var/log/nginx/error.log`. Inasema. Itaandika "Permission denied" na njia nzima ya faili, ama "No such file", ama "connect() failed" ukiwa umeweka programu nyuma na imekufa, hiyo ndio inaleta lile kosa la 502. Kando yake kuna `access.log`, mwanzo wa laini moja unakaa hivi:

203.0.113.7 - - [12/Mar/2025:17:42:10 +0000] "GET /wp-login.php HTTP/1.1" 404 162

Nani amekuja, lini, ametaka nini, amejibiwa nini, amepewa baiti ngapi. Hapa mtu ametafuta mlango wa WordPress ambayo huna, akapewa 404, yaani haipo, akaenda zake, ni boti tena. Angalia hiyo saa lakini. Inasema 17:42 na mteja alikuambia ilikataa saa mbili na dakika arobaini na mbili usiku, utasema basi sio hiyo laini. Ni hiyo. Seva za kukodi huja na saa ya UTC, sisi tuko mbele masaa matatu. Piga `sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi` mapema, uiristati seva, utajiokolea hesabu usiku wa manane.

Domeini: nunua ya .co.ke kwa msajili anayetambuliwa na KeNIC, ndio wasimamizi wa .ke, kisha kwa setingi za DNS, ile orodha inayogeuza jina kuwa anwani, weka rekodi ya A iende kwa anwani ya seva. Ukibadilisha baadaye usipanike wewe ukiona mpya na mathe akiona ya zamani, simu yake na mtoa huduma wake wameshika jibu la zamani mpaka TTL, ule muda wa kushika jibu, iishe. Siku moja kabla ya kuhama punguza TTL iwe sekunde 300.

Kisha HTTPS, ile njia inayoficha data ikiwa njiani, na kwa sababu umetaja M-Pesa hii sio hiari. Mteja akishaweka PIN, majibu ya malipo yanarudishwa kwa anwani unayowapa kule Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, na hiyo anwani lazima ifikike kutoka nje, na ukishaenda laivu iwe https. Localhost haiwezi, na laptopu nyuma ya geti bila taneli haiwezi, hiyo ni sababu nyingine ya kukodi. Cheti cha hiyo HTTPS ni bure kwa Let's Encrypt: instoli certbot, programu ya kuomba cheti, na ile pluginii yake ya nginx, halafu `sudo certbot --nginx -d jina-lako`. Subiri kwanza rekodi ya A ifike, na hakikisha poti 80 iko wazi, maana wanakuja kukagua kwa hiyo. Watu wanaipiga DNS haijafika, inakataa, wanapiga tena, wanapiga tena, ukikosea mara 5 kwa saa wanakufungia, unabaki unaangalia ukuta. Jaribu kwanza na `sudo certbot certonly --nginx --dry-run -d jina-lako`, hiyo ya majaribio haikuli hiyo nafasi. Cheti chao cha kawaida kinakaa siku 90 na certbot inakirudisha upya yenyewe, ila uipime mapema na `sudo certbot renew --dry-run`, nimeona mtu amefunga poti 80 kwa usalama halafu miezi mitatu baadaye wateja wote wanaonyeshwa onyo jekundu.

Malipo yenyewe ni somo lingine, kuna programu ya kuandika nyuma ya nginx na kuna kuhakikisha mtu hakutumii majibu ya uongo eti amelipa. Kwanza mathe aone keki zake kwa simu ya mtu wa Rongai.

Anza na zile anwani mbili, ya rauta na ya curl, unirudishie. Na ukikwama mahali nitumie laini ishirini za mwisho za error.log zikiwa maandishi umekopi, sio picha ya skrini umepiga na simu kutoka upande na kivuli cha kidole juu ya ile laini nahitaji.